Mtamba wa Pili

Jumatatu, 12 Mei

...na kitu kingine nilichosahau kuandika jana ni jinsi anavyoniita akifungua mlango. Hatamki jina lote, Gaudiosa. "Gau," basi. Lakini ndani ya hiyo Gau kuna chai ya moto, kuna blanketi, kuna kila kitu! Nimekuwa mke wa mtu tangu Sikukuu ya Muungano na bado nikisikia pikipiki yake inaacha barabara kuu nakimbilia kioo. Mume wangu. Nitaandika tena. Mume wangu Christopha!

Tunakaa chumba na sebule huku Kizwite. Baridi ya Sumbawanga siiwezi – mimi ni mtu wa bondeni, Mtowisa, kule tunalala milango wazi kwa joto. Asubuhi nikiwasha mkaa vidole vinakufa ganzi. Leo alinivalisha koti lake la kazi, lile lenye harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Watu wengine wanapenda marashi. Mimi nilianza kumpenda na harufu hiyo hiyo, pale joshoni kwetu, alipokuja kwa mafunzo ya chuo. Baba akimwita "bwana mifugo," na mimi nikamwita hivyo hivyo wiki nzima mpaka akaniambia kwa upole kwamba ana jina.

Wasiwasi wetu ni mmoja tu, na una miguu minane. Mitamba wawili. Mahari yangu ni ng'ombe sita. Wanne walishuka Mtowisa kabla ya harusi, wawili wakabaki. Baba alikubali nifunge ndoa kwa sababu ya barua ya ajira. Mshenga wetu, Mzee Leonidas, aliitoa mfukoni siku ya kikao akasoma mshahara kwa sauti ya kanisani. Baba akaomba asome tena. Akasoma tena. Baba akasema kwa kijana wa mshahara huo, mitamba wawili wasipite wakati wa kuvuna mpunga. Barua ilikuwa mpya kabisa, hata Christopha mwenyewe alikuwa hajawahi kupokea mshahara wowote. Nilikuwa nyuma ya mlango, nikapiga vigelegele kimoyomoyo.

Hao mitamba si wa kukaa zizini kwa Baba. Wanapita tu. Wanakwenda Ilemba kwa kina Angela, ili kaka yangu Isdori naye aoe. Baba yake Angela ametoa mwisho: Jumamosi ya mwisho ya Juni. Ikipita hapo, kuna mwenye mashine ya kukoboa ameshapiga hodi.

Lakini malimbikizo yanakuja! Christopha alifanya kazi miezi miwili kabla jina lake halijaingia kwenye mishahara. Miezi miwili, kwa mkupuo mmoja. Tumeshapanga: mitamba wawili, na kinachobaki kitanda. Sasa hivi tunalala kwenye godoro chini, na sijawahi kulala vizuri hivi maishani.

Alhamisi, 15 Mei

Baba kapiga simu. Shikamoo, marahaba, baridi, afya, mkweo hajambo. Akasema huko wameanza kukata mpunga. Sikujifanya sijaelewa. Nikamwambia malimbikizo yanaingia pamoja na mshahara wa mwezi huu, kwa hiyo mitamba watashuka wote wawili. Akauliza malimbikizo ni mnyama gani. Nikamweleza. Akasema vizuri, atamwambia Isdori aanze kufagia zizi.

Christopha aliposikia nimetoa ahadi alicheka, akasema sasa mshenga ni mimi, Mzee Leonidas apumzike. Akicheka mwanya wake unaonekana. Nimewahi kuandika kwamba ana mwanya?

Jumapili, 18 Mei

Tumetoka misa ya pili tukapitia kwa fundi seremala kuangalia kitanda. Tuliangalia tu! Fundi akatuuliza tunataka cha watu wangapi, Christopha akajibu cha watu wawili wanaopendana. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilitamani pia arudie.

Njiani nilimwuliza kama makato yatagusa malimbikizo. Akasema yatagusa, lakini kama mwezi wa kawaida tu. Kazini wamemwambia hivyo. Nani kazini, sikuuliza. Nilikuwa nimeshika mkono wake ndani ya mfuko wa koti.

Ijumaa, 23 Mei

Imeingia. Sijui nianzie wapi.

Alirudi mchana. Hajawahi kurudi mchana. Alisimama mlangoni na kofia ya pikipiki kichwani, hakuniita Gau, akaninyooshea simu. Nikasoma ujumbe wa benki. Sijawahi kuona hela nyingi hivyo ikiwa ni yetu. Nikapiga vigelegele – vya kweli safari hii, mpaka jirani yetu Mama Fortunata akachungulia dirishani. Nikamrukia shingoni.

Akasema, "Gau, hiyo ndiyo yote."

Sikuelewa. Nilidhani ni malimbikizo peke yake na mshahara unafuata. Akavua kofia, akakaa kwenye ndoo, akanifungulia slipu kwenye simu. Mshahara na malimbikizo juu, vimejaa, vinapendeza. Chini yake makato. Mfuko wa pensheni. Bima ya afya. Mkopo wa chuo. Chama cha wafanyakazi, ambacho hajawahi kuhudhuria mkutano wake hata mmoja. Na kodi. Kodi! Mwezi wa kawaida kodi inaondoka na bei ya mbuzi, na nilikuwa nimeshaanza kuizoea. Mwezi huu imeondoka na mtamba. Mdogo, lakini mtamba.

Nikatoa pango la miezi sita, mama mwenye nyumba hasubiri. Nikatoa unga, mkaa, mafuta ya pikipiki. Nimetoa na kitanda, kwanza kabisa nimetoa kitanda. Anabaki mtamba mmoja na salio la kununulia kamba.

Nimelia jikoni ili asinione. Akaja jikoni.

Jumamosi, 24 Mei

Nimemlilia, halafu nimemgombeza, halafu nimempikia. Huo ndio ugomvi wetu wa kwanza kama mke na mume, na ni juu ya kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekifanya.

Tukiwa mezani – meza ni kreti ya soda – alinieleza kwa ugali. Aliukata vipande akavipanga kimoja juu ya kingine. Kipande cha chini kabisa hawakigusi. Cha pili wanamega kidogo. Cha tatu zaidi. Cha juu kabisa wanamega karibu theluthi. Malimbikizo yamekuja yakakaa juu ya mshahara wa Mei, kwa hiyo ndiyo yaliyomegwa kule kileleni. Wamemhesabu kama tajiri, tajiri wa mwezi mmoja.

Nikamwuliza, kama hela hiyo hiyo ingelipwa kila moja kwa mwezi wake?

Isingeumia hivi, akasema.

"Na aliyeichelewesha ni wewe?"

Alikula kile kipande cha juu, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka, kwa sababu alikitafuna kwa hasira kama mtoto. Nampenda. Nampenda na nimechanganyikiwa.

Jumanne, 27 Mei

Amemwendea mhasibu wa ofisini kwao. Mhasibu ni mtu mwema, kamkaribisha chai. Akamwambia kanuni ndiyo hiyo, mashine haijui kama una mkwe. Kama anadhani amezidishiwa awaandikie watu wa kodi barua kueleza. Christopha akauliza majibu huchukua muda gani. Mhasibu akamwambia na yeye aliandika ya kwake, bado anasubiri; Christopha akitangulia kujibiwa amwonyeshe.

Wakacheka wote wawili, anasema. Nikamwuliza amecheka nini. Akasema mtu akiwa ofisini kwa mtu anacheka tu.

Ameandika barua. Ina mwandiko mzuri sana, herufi zimelala upande mmoja kama majani kwenye upepo.

Jumamosi, 31 Mei

Mnadani! Sijawahi kumwona mume wangu kazini tangu joshoni kwetu, na leo nilikuwa nimesimama pembeni kwa kitenge changu cha harusi nikijivuna. Anapita kati ya ng'ombe anawashika taya, anafunua kope, anabonyeza ubavu. Watu wanampisha. Kila mtu bwana mifugo, bwana mifugo.

Halafu wakajua kwamba leo hakuja kukagua, amekuja kununua. Mzee mmoja mwenye fimbo akamwuliza leo sindano kaiacha wapi. Wakacheka. Wakatuona tumesimama kwa mtamba mmoja, yule wa kahawia mwenye baka jeupe usoni, na yule mzee akasema, "Bwana mifugo, mmoja ni kitoweo. Wawili ndiyo mkwe."

Wakacheka zaidi. Christopha naye akacheka, lakini nilikuwa nyuma yake, nikaiona shingo yake.

Tukalipa. Tukalipa na ushuru wa mnada. Tukalipa na kibali cha kusafirisha, ambacho kila siku yeye ndiye anayewaandikia watu. Leo kaandikiwa na mwenzake wanayekula naye chakula cha mchana, na mwenzake akapokea hela bila kupepesa. Kila tulipogeuka kuna mtu na kitabu cha risiti. Mimi nilidhani nikishatoka kwenye ile slipu nimetoka.

Kesho Christopha atashuka na mtamba wetu Mtowisa kwa lori la mahindi. Nilitaka kwenda. Akasema niachie mimi. Alitaka apokee aibu hiyo peke yake, najua, na nikampenda kwa hilo mpaka kifua kinauma.

Jumatatu, 2 Juni

Amerudi na vumbi la mteremko wa Lyamba mpaka kwenye nyusi. Nimemwogesha, nimemlisha, ndipo akaanza kusema. Naandika yote nisisahau.

Baba alimpokea vizuri. Maji ya kuoga, kuku, kila kitu. Mtamba akashushwa. Baba akamzunguka, akamsifu. Halafu akauliza yuko wapi mwenzake.

Christopha akaeleza kuhusu kodi. Sasa Baba hajui kodi nyingine yoyote zaidi ya ushuru wa mazao, ule wa pale getini barabarani mtu anapotoka na magunia. Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Huo mshahara wako unapita geti gani?"

Christopha akasema haupiti geti, unakatwa huko huko kabla haujamfikia.

"Ungeupitisha porini, kama sisi na mpunga."

"Baba, hauna njia ya porini."

"Kila kitu kina njia ya porini. Anayekukata ni nani?"

"Serikali."

"Na wewe umeajiriwa na nani?"

"Serikali."

Baba alicheka mpaka akakohoa, Mama akamletea maji. Akasema, basi mkwe wangu unajikata mwenyewe, halafu unakuja kunililia mimi.

Alipofika hapo na mimi nikacheka, Mungu anisamehe. Christopha hakucheka. Akasema bado hajamaliza.

Baba hakumkataa mtamba. Lakini hakumwingiza zizini. Kwa Baba mahari iliyobaki wawili inaingia wawili, kwa mlango mmoja, siku moja. Akiingia mmoja ni kama amepokea na ameridhika, na baba yake Angela atasema Teodori, yaani Baba, amepokea, mbona haleti. Kwa hiyo kamfunga nje, kwenye nguzo ya kuanikia mahindi. Anamlisha. Anampa maji. Majirani wote wanapita wanamwona yuko nje ya zizi, na wanajua maana yake.

Mtamba mzuri vile, mwenye baka usoni. Yuko nje kama mgeni aliyekuja bila taarifa.

Alhamisi, 5 Juni

Siwezi kukaa tu nikisubiri Juni iishe. Nimeanza maandazi! Nilikanda unga alfajiri, Christopha akanipepelea mkaa huku amevaa soksi mikononi. Nikakaa njia panda ya kwenda sokoni na beseni langu. Wanafunzi walinunua, mafundi walinunua. Nilijiona tajiri, nikaanza kumwona mtamba wa pili kwa mbali, mguu mmoja mmoja.

Akaja dada mmoja mstaarabu, kavaa fulana ya njano, na mashine ya risiti kiunoni. Ushuru. Nikamwambia dada yangu, leo ndiyo siku yangu ya kwanza duniani. Akasema hongera. Akabonyeza, karatasi ikatoka.

Nimeibandika ile risiti ukutani. Christopha alipoiona alisema karibu kwenye geti, mke wangu. Tulicheka mpaka Mama Fortunata akagonga ukuta. Baadaye nilijigeuza upande wa ukutani. Kwa maandazi, mtamba anafika nikiwa bibi kizee.

Jumanne, 10 Juni

Benki. Alikwenda kuomba mkopo wa mtamba mmoja – hakuwaambia ni wa mtamba, alisema wa kuboresha makazi. Wakaangalia slipu yake. Wakamwambia makato yameshakuwa mengi, nafasi iliyobaki ni ndogo, na bado hajathibitishwa kazini, arudi mwakani.

Alipotoka alikwenda kuchanja ng'ombe wa watu huko vijijini mpaka jua likazama. Makundi makubwa, anasema. Zizi moja ng'ombe mia na kitu, mwenye nyumba hajui kusoma. Akampa bwana mifugo maziwa ya kunywa, akamwonea huruma kwa viatu vyake.

Nikamwambia kwa hasira kwamba basi kodi yetu ndiyo inanunua chanjo ya ng'ombe wa huyo mzee. Akasema ndiyo, na ya ng'ombe wa baba yako pia. Mwaka ule wa ugonjwa wa mapafu bila ile sindano asingebaki na zizi la kufagia. Alisema kwa upole. Anaamini kweli. Nikamwambia sawa, wanafanya vizuri, sasa wanirudishie mtamba mmoja tu nami nitawashangilia barabarani.

Jumamosi, 14 Juni

Isdori kaja. Kapanda na magunia mawili ya mpunga kutafuta bei, bei ikamkatisha tamaa, akaja kukaa kwetu kwenye kreti. Kaka yangu! Kakonda. Ananiita dada ingawa mimi ni mdogo wake, tangu nilipoolewa.

Hakulaumu. Ingekuwa rahisi kama angelaumu. Alikunywa chai akazungusha kikombe akasema amekuja na neno la Baba.

Baba yake Angela haamini. Anasema mkwe wa Teodori ana mshahara wa serikali, kila mtu aliusikia ukisomwa, na mara ya pili ukasomwa tena. Haiwezekani akaleta mtamba mmoja. Kwa hiyo anasema Baba amepokea wawili, mmoja kamficha, kauza. Baba yangu! Mtu ambaye hajawahi kukata hata fimbo katika shamba la mtu.

Sasa njia iliyopo, Isdori alisema akiangalia kikombe, ni mimi nirudi nyumbani. Si kuachika. Kukaa tu. Huko Ilemba wakisikia binti ya Teodori yuko kwa baba yake kwa sababu mahari haijatimia, watajua Baba hasemi uongo. Watampokea yule mtamba mmoja, watasubiri wa pili. Lakini wanione. Niende kisimani, niende kanisani, nionekane.

"Mpaka lini?" Christopha aliuliza.

"Mpaka mtamba wa pili, shemeji."

Sote tulikuwa tunapiga hesabu ile ile. Kwa kinachobaki kwenye mshahara baada ya makato na chakula, mtamba wa pili anafika Krismasi. Tena kama pikipiki haiharibiki.

Jumapili, 15 Juni

Hatukwenda kanisani. Isdori kaondoka asubuhi na magunia yake yote mawili.

Christopha kasema hapana. Alisimama katikati ya sebule akasema nimekuoa altareni, sikukukodisha. Akasema atauza pikipiki. Nikamwambia pikipiki ndiyo miguu yako, utachanjaje Laela na Mpui kwa kutembea? Akasema ataomba hela kwa wenzake. Wenzake wana slipu kama yake. Akasema ataongea na Baba mwenyewe. Halafu akakaa chini akasema tena hapana, lakini kwa sauti ndogo.

Nilimshika kichwa. Nywele zake zinanukia ile dawa. Nikawaza, Isdori naye ana mtu anayependa harufu yake. Angela anamsubiri huko Ilemba, ameshashona gauni, nimeliona kwenye simu, lina maua ya bluu mikononi. Nikirudi nyumbani miezi sita, mimi bado ni mke wa mtu. Nisiporudi, yeye anakuwa mke wa mwenye mashine ya kukoboa.

Sikumwambia Christopha kwamba nimewaza hivyo. Naandika hapa tu.

Jumatano, 18 Juni

Barua imejibiwa! Mhasibu kamletea mwenyewe mpaka mezani, akashangaa kuliko sisi.

Wamekubali kwamba hoja yake inasikilizwa. Aambatanishe barua ya ajira, slipu za miezi yote, na uthibitisho wa lini aliripoti kazini, na ipelekwe ngazi ya juu kwa uamuzi. Hawajataja muda.

Nilisoma mara nyingi nikitafuta mtamba ndani yake. Hayumo. Yumo labda kivuli chake.

Christopha kafurahi kama kijana aliyefaulu mtihani, anatafuta mahali pa kutolea nakala. Anasema, unaona Gau, wanasikiliza. Nikamwambia ndiyo mume wangu. Nimempikia samaki, mgebuka, kwa nyanya nyingi. Ana furaha. Jumamosi ya mwisho ni wiki ijayo.

Ijumaa, 20 Juni

Nilimfulia mashati yote leo, hata yaliyokuwa masafi. Mama Fortunata akaniuliza kuna safari. Nikasema hapana. Akaangalia kamba ya nguo, imejaa mashati ya mwanamume tu, akasema mbona umefua kama mtu anayeaga.

Nikaanua mengine yakiwa bado mabichi.

Jumapili, 22 Juni

Tumetoka kanisani, nimeweka maharage jikoni, simu ikaita. Baba.

Shikamoo. Marahaba mama. Hakuulizia baridi. Nikamweleza haraka haraka habari za ile barua iliyojibiwa, kwamba huenda wakarudisha sehemu, kwamba wameomba nakala. Alinisikiliza mpaka mwisho kama alivyomsikiliza Christopha. Akauliza hizo nakala zinalipiwa? Nikasema ndiyo, kidogo. Akaguna.

Halafu akasema mtamba hajambo, ila ameanza kukonda kwa kukaa peke yake. Usiku analia na wa zizini wanamjibu. Mama yako hawezi kulala. Isdori hali chakula.

"Mimi sikuiti kwa hasira, mama," alisema. "Mumeo ni kijana mzuri. Hata huyo mtamba kachagua vizuri. Nakuita kwa sababu ya kaka yako. Jumamosi wanakuja watu wa Ilemba."

Nilitazama mlangoni. Christopha yuko nje anaosha pikipiki, kakunja suruali mpaka magotini, anapiga mluzi wimbo wa kutoka kanisani, anaukosea kama kawaida. Mikono imekuwa myekundu kwa maji baridi. Hajui ni nani kwenye simu. Akiinua kichwa atatabasamu, na nikiona mwanya ule sitaweza kusema lolote. Kwa hiyo nikasema kabla hajainua.

Baba akaniuliza nitakuja na gari gani, ili Isdori anisubiri barabarani na baiskeli. Kwa ajili ya begi, akasema. Nikasema begi ni dogo tu. Akanyamaza, nikajua anapima udogo wake. Akasema Mungu akubariki, mwanangu, akakata.

Maharage yanaungua, nasikia harufu, sijainuka. Maji yamenyamaza huko nje. Christopha ameingia anajifuta mikono kwenye suruali, kauliza nilikuwa naongea na nani. Nimemwambia asubiri kidogo, namalizia kuandika. Anasubiri. Amekaa kwenye kreti mbele yangu, ananiangalia ninavyoandika, ametulia, hajawahi kuuliza naandika nini. Nitamwambia nilivyomwambia Baba, neno kwa neno, wala sitaongeza kitu: nitakwenda kuwasalimia kabla mwezi haujaisha.